Kufuli Lenye Alama Tatu

Siku yenyewe ilianza kwa kucheka. Jumapili asubuhi kiwanda cha sabuni kilikuwa kimya, na sisi mafundi mitambo watatu tulikaa juu ya makreti tukinywa chai. Alikuwepo mjomba wangu, kaka wa mama yangu, aliyenifundisha kazi. Alikuwepo mzee mmoja tuliyemwita Taratibu. Na mimi, kibarua, mwezi wa sita nikingoja kuajiriwa kabisa.

Jina la Taratibu lilimfaa jamani. Angekaza nati moja huku wewe umekaza nne, kisha angerudi kuzikagua zako zote nne. Mjomba alipenda kumtania kwamba akifa atachelewa hata kaburini, na mzee alicheka kuliko sisi wote. Tena alicheka baadaye kidogo, maana masikio yake yalikuwa yameshaliwa na kelele za mashine na ilibidi umrudie neno mara mbili.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kumsafisha Bibi. Bibi ni mtambo wa kuchanganyia sabuni, pipa la chuma refu kama chumba, lenye mapanga ndani yanayozunguka. Tulimwita hivyo kwa sababu alinung'unika kutwa nzima. Anayemsafisha anapanda ngazi, anapitia mlango mdogo wa juu na kushuka katikati ya mapanga hayo na brashi yake.

Sasa sikilizeni hili, maana mengine yote yametoka hapa. Kabla hujaingia ndani ya Bibi, unashusha mkono wa swichi kuu ukutani, unapitisha kufuli lako kwenye tundu lake, unafunga, na ufunguo unatia mfukoni mwako. Kufuli lako wewe, si la kiwanda. La mjomba lilikuwa jekundu. La Taratibu lilikuwa la njano, na ubavuni alilichora alama tatu kwa tupa. Kufuli la fundi haliguswi na mtu mwingine. Hata likikaa wiki, hata meneja apige kelele hadi koo likauke, analitoa aliyelifunga. Hilo mjomba ndiye alinifundisha siku yangu ya kwanza, tena akinishika sikio.

Mwisho wa mwezi ule fundi mkuu alikuwa anastaafu. Kiti kilikuwa kati ya mjomba na Taratibu, na mjomba alikitaka mpaka usingizi ulimruka. Saa nne kasoro akaitwa ofisini. Alirudi amekunja uso. Meneja alitaka Bibi awashwe saa nne kamili, wakaguzi waone anafanya kazi.

"Taratibu yuko wapi?" akaniuliza.

"Mimi nilikuwa stoo, sijui."

Kufuli la njano lilikuwa ukutani, limefungwa. Mjomba akaita mara moja tu, "Taratibu!", kwa sauti ndogo ya kumwita mtu aliye kando yako. Hakujibiwa. Akasema mzee ameondoka akasahau kufuli lake, uzee huo. Akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vyuma.

Chini ya ngazi ya Bibi palikuwa na buti mbili, zimepangwa vizuri, soksi ndani. Taratibu hakuwa akiingia kwa Bibi na buti, aliogopa kuteleza. Mimi niliziona. Mjomba naye aliziangalia, kisha akaangalia saa yake. Namwambia kila anayenisikiliza, aliziangalia.

Akakata. Akainua mkono wa swichi.

Bibi hakunung'unika siku ile. Alikohoa. Akakohoa tena. Halafu akazunguka vizuri.

Mjomba aliokota kufuli lililokatwa, akalitia mfukoni. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Akaninong'oneza, "Hakukuwa na kufuli. Umenisikia, mpwa wangu? Mimi nikikaa kile kiti, wewe unaajiriwa kesho yake."

Nilipoulizwa mbele ya meneja na wakaguzi, nilisema maneno mawili. "Sikuona kufuli." Wakaandika kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Taratibu, mzembe! Siku tatu nzima Bibi aliposuuzwa alitoa povu la rangi ya waridi, nami ndiye niliyeshika mpira wa maji.

Msibani mke wa Taratibu alikaa wima, jicho kavu. Mkononi alikuwa na bahasha ya vitu vilivyotoka mifukoni mwa mumewe. Alimwita mjomba kwa upole kabisa.

"Shemeji, mume wangu alikuwa anafunga mpaka kopo la sukari. Ufunguo mmeniletea. Kufuli lake liko wapi?"

Mjomba alijibu kwamba Mungu ndiye anajua. Wiki iliyofuata akawa fundi mkuu, na mimi nikaajiriwa.

Asubuhi ya kwanza alinipeleka ofisini kwake nione kabati jipya la vifaa. Kwenye komeo lake lilining'inia kufuli la njano, zima, limefungwa. Alama tatu ubavuni. Mjomba akacheka, akasema watu wa kiwanda hiki hawana kazi ya kufanya, eti wamenunua lingine wamchokoze. Akalikata, akalitupa kwenye kopo tupu la rangi. Nililiokota nikalinusa. Lilinuka sabuni, na lilikuwa na joto, kama limetoka mfukoni mwa mtu sasa hivi.

Kesho yake lilikuwa kwenye sanduku lake la vifaa. Keshokutwa, kwenye geti la nyumbani kwake, kwa nje. Akakata, akakata. Jumamosi mchana mke wake alisikia mlango wa bafu ukipigwa mateke. Mjomba alikuwa ndani na kufuli liko nje, na nyumba nzima walikuwemo wao wawili tu. Kopo la rangi likajaa. Nilimwaga vile vipande sakafuni nikavipanga. Vyote vilikuwa kufuli lile lile moja, alama zile zile tatu, ya katikati ikiwa imepinda kidogo mahali tupa ilipoteleza.

"Mjomba," nikamwambia, "kaseme ukweli."

"Wewe! Nikasema nini?"

"Sema kufuli lake lilikuwepo. Basi."

"Nikisema hivyo naenda jela, na wewe unarudi kwenu kuuza maandazi. Nyamaza."

Nikanyamaza. Nilikuwa mwepesi sana wa kunyamaza miaka hiyo.

Kisha likaanza kumfuata mwilini. Kwanza kwenye matundu ya kola ya ovaroli. Halafu kwenye mkanda, hata suruali haivuliki. Jumatano moja alikuja nyumbani kwangu asubuhi, mkono wa kushoto ameufunga kwa taulo. Aliufungua polepole juu ya meza yangu ya jikoni. Kufuli la njano lilikuwa limepita kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Hakukuwa na damu. Hakukuwa na jeraha. Tundu lilikuwa laini, ngozi imezunguka vizuri, kana kwamba alizaliwa nalo.

"Kata," akanong'ona.

Nilikata chuma, chuma tu, naapa. Alipiga yowe nililokuwa sijawahi kulisikia kwa mtu mzima. Damu ikatoka kwenye chuma. Ndiyo, kwenye chuma, pale kilipokatika.

Siku hiyo hiyo mchana, tulipoelewa kwamba kufuli lile linataka ufunguo wake na si mkasi, tukaenda kwa mke wa Taratibu. Sebule yake ilikuwa ndogo na safi, buti za mumewe zikiwa zimepangwa karibu na mlango. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi. Mjomba alipiga magoti. Akasema yote, hata buti. Nilitazamia mama yule alie, au atufukuze. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Shemeji, naomba huo ufunguo."

"Nitakupa."

"Lini?"

"Kesho saa moja mnapokusanyika kabla ya kazi. Simama mbele ya watu, sema kufuli lake lilikuwepo. Sema wasikie wote waliomwita mzembe. Ukimaliza, uje uuchukue."

Akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, uliona kufuli?"

Nilitazama sakafu. Naona aibu kusema hivi, lakini niliangalia sakafu mpaka tukaaga.

Asubuhi ile alisimama. Watu wote kiwandani wamekusanyika, meneja kando yake na kikombe cha kahawa. Mjomba alifungua mdomo. Akamtazama meneja, akatazama beji yake mpya ya fundi mkuu kifuani.

"Leo tunamsafisha Bibi," akasema. "Kazi njema."

Hakuna fundi aliyetaka kuingia kwa Bibi tangu Taratibu. Meneja akauliza kwa sauti ya mzaha kama fundi mkuu naye anaogopa. Mjomba akacheka, kicheko kibaya. Akashusha swichi, akafunga kufuli lake jekundu. Akalivuta mara tatu kuhakikisha. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akanipa ufunguo mimi.

"Shika wewe. Simama hapa hapa swichini. Usibanduke, mwanangu."

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Akavua buti, akapanda, akaingia. Nilimsikia anasugua. Macho yangu yalikuwa kwenye lile kufuli jekundu, ufunguo umenichoma kiganja kwa jinsi nilivyoubana. Dakika kumi. Kumi na tano. Alianza kupiga mluzi, na mimi nikapumua.

Nikageuza shingo kidogo tu, kutazama ngazi.

Chini ya ngazi palikuwa na buti nne.

Nikarudisha macho ukutani. Kufuli jekundu halikuwepo. Mkono wa swichi ulikuwa juu. Sikuusikia ukipanda. Na kwenye tundu lake, likiuzuia usishuke, lilining'inia kufuli la njano.

Bibi akaanza kunung'unika.

"Mpwa wangu?" Sauti ya ndani ilikuwa ya kuuliza tu, ya mtu aliyeamshwa.

Nilining'inia kwenye ule mkono kwa uzito wangu wote. Haukushuka. Nikanyakua mkasi, nikakata. Nyuma yake lilikuwepo lingine. Nikakata. Lingine. Nikakata. Lingine. Vipande vikaangukia miguuni mwangu, moto, vinanuka sabuni. Lingine. Mjomba sasa alikuwa anapiga kelele, anasema kile alichokataa kukisema asubuhi. "Lilikuwepo! Kufuli lilikuwepo! Kufuli lake..."

Bibi akakohoa.

Watu walipofika mbio, mkono wa swichi ulikuwa juu na tundu lake ni tupu. Sakafuni hapakuwa na kipande hata kimoja. Nilikuwa nimeshika mkasi mkono mmoja na ufunguo wa kufuli jekundu mkono mwingine.

Wakanikalisha mezani, wakaguzi wale wale. "Fundi mkuu aliweka kufuli?"

Fikirini mngekuwa mimi hapo. Niseme aliweka? Nani basi alilitoa, na ufunguo ninao mimi? Mkasi ninao mimi? Ulimi ulikwenda wenyewe, njia ulikuwa unaijua.

"Sikuona kufuli."

Wakaandika uzembe wa marehemu. Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, mpaka leo huinamisha kichwa watu wakimtaja kaka yake. Anadhani alikufa kijinga. Ningeweza kumwondolea hiyo aibu kwa sentensi moja.

Mazishini mke wa Taratibu alinishika mkono muda mrefu. Alipouachia, uzi na ufunguo wake vilibaki kiganjani mwangu.

"Chukua," akaninong'oneza. "Wanaokudai ni wawili sasa."

Miaka sita imepita. Kiti kile nimekikalia mimi. Ndiyo, mimi ndiye fundi mkuu, mwanamke wa kwanza, picha yangu iko ukutani pale mapokezi. Juzi sanduku langu la vifaa lilikuwa na makufuli mawili, jekundu na la njano, yamefungana moja ndani ya jingine. Funguo zote mbili ninazo. Nilizijaribu. Zinaingia vizuri kabisa. Hazizunguki.

Mkasi sikuugusa. Nimejifunza hicho walau.

Leo asubuhi nilipokuwa nanawa, maji yamepita mahali yasipopaswa kupita. Nimeuinua mkono wa kushoto kwenye mwanga wa dirisha. Kati ya gumba na kidole cha shahada kuna matundu mawili madogo, yamekaa sambamba. Hayana damu. Hayaumi. Yananuka sabuni.

Saa moja kasoro dakika tano sasa. Watu wameshakusanyika uani, meneja amesimama na kikombe chake, wananingoja mimi niseme neno la asubuhi. Neno lenyewe nalijua. Ni fupi, mtoto angelisema.

Nimevaa glavu.