Aliyeficha Buti

"Piga magoti, Aslaug. Mshike Mons miguu, umwombe asiondoke."

"Sipigi."

"Imeandikwa hivyo."

"Na aliyeandika ni nani? Si wewe?"

Sindre akakunja uso. Norwei nzima ilimheshimu kwa filamu zake tulivu: watu wawili, meza, dirisha, na hakuna anayecheka mpaka mwisho. Aslaug alikuwa mwigizaji wake tangu ujana, na mkewe hadi walipoachana majira ya baridi yaliyopita. Sasa walikuwa Vardø, mji wa kaskazini kabisa, ndani ya nyumba ya mbao ya kukodi, wakimalizia filamu ya ndoa iliyovunjika. Aslaug alikubali kuigiza kwa sababu aliapiwa kwamba ni hadithi ya kubuni tu.

Simu yake ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa mama yake:

"Mwanangu, Sindre kasema gazetini hiyo filamu ni maisha yenu, kila neno. Kumbe wewe ndiye uliyemficha mwenzio buti ili asiondoke? Mbona mimi uliniambia vingine?"

Damu ikamchemka. Siku ile aliyetaka kuondoka alikuwa yeye, baada ya kumfumania Sindre na mwanamke mwingine. Aliyeficha buti alikuwa Sindre. Aslaug alitoka na soksi za sufu tu, akakanyaga theluji mpaka kwa jirani, vidole vikafa ganzi. Leo mama yake mzazi alikuwa anaanza kuamini uongo.

"Umewaambia watu kwamba haya ni maisha yetu?"

"Watazamaji wanapenda ukweli, Aslaug."

"Sawa. Leo wataupata mpaka washibe."

Sindre alikuwa na sheria zake, na ndizo zilizompa sifa zote. Kila tukio hupigwa mara moja, hakuna kurudia, na kamera haizimwi mpaka mwanga wa dirishani ufifie. Berit, mpiga picha, akawasha mtambo wake.

Mons, mume wa kwenye filamu, akasimama mlangoni na soksi, akitafuta viatu. Aslaug alitakiwa atoe buti alizozificha chini ya kabati, azikumbatie, alie mpaka atoe kamasi. Akazitoa kweli. Akamtupia.

"Vaa uende. Nani kakuzuia?"

Mons akababaika. "Lakini... wewe si hutaki niondoke?"

"Mimi? Mume wangu ndiye aliyeficha buti zangu! Nilimfumania na mwanamke, nikabeba begi langu, akapiga magoti mlangoni kazikumbatia buti kama mtoto."

"Kata!"

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwa Sindre. Alikuwa ameshaingia mpaka katikati ya chumba, uso mwekundu.

"Berit, zima hiyo kamera!"

Berit wala hakushtuka. "Mwanga bado upo, bosi. Sheria ni yako."

"Aslaug, unaniharibia filamu!"

"Na wewe umeniharibia jina kwa mama yangu! Haya, uko mbele ya kamera, sema. Buti alizificha nani?"

Sindre akamtazama Mons. Mons akatazama dirisha.

"Mimi," Sindre akasema chini chini.

"Sikusikii."

"Mimi! Niliogopa kubaki peke yangu. Nilikuwa nakupenda, Aslaug. Bado nakupenda."

"Ungenipenda ungenipa buti, Sindre. Theluji ilikuwa ya magotini."

Hapo mwanamume akashindwa kujizuia. Machozi yakamtiririka, akapiga magoti sakafuni mbele ya wafanyakazi wake.

"Rudi nyumbani. Nakuomba."

Ilimuuma Aslaug, tusidanganyane. Alimpenda mtu huyu miaka mingi, na mkono wake ulishaanza kwenda wenyewe kumshika bega. Akaurudisha. Akavaa koti, akavaa buti zake, akafunga kamba taratibu, Sindre akiwa bado chini anasubiri jibu.

"Inuka, bwana," akamwambia akifungua mlango. "Hilo ulishalifanya, na sikubaki."