Kiraka cha Kwapani

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake za shule, binti wa fundi cherehani aliingia kibandani kumsaidia baba yake. Alifagia vipande vya vitambaa, akapuliza makaa ya pasi, kisha akaketi kwenye kigoda kupiga bandi. Bandi ni mishono mirefu ya mkono, iliyolegea, ya kushikilia kitambaa mpaka cherehani ipite. Kazi hiyo aliiweza huku akipiga soga.

Jumamosi hii hakufungua kinywa. Magotini mwake kulikuwa na joho la kwaya la Kengele.

Kengele alikuwa msichana wa darasa lake, aliyepewa jina hilo kwa sauti yake tamu. Sauti tamu, ulimi wembe. Ndiye aliyeona kiraka kwenye gauni la Binti siku ya mazoezi, akapaza sauti mbele ya wanakwaya wote: "Jamani, njooni muone! Mtoto wa fundi kavaa viraka!" Tangu hapo jina likamganda. Viraka shuleni, Viraka bombani, hata vitoto visivyojua kufunga viatu vilimwita dada Viraka.

Na leo joho la Kengele lilikuwa limechanika kwapani.

"Tia kiraka kwa ndani, upitishe cherehani," baba alisema. "Kesho wanaimba ule wimbo wa kuinua mikono. Mimi nafuata uzi dukani."

Binti alikata kiraka, akakipiga bandi. Alipogeukia cherehani, akasita. Aliliona kanisa zima limejaa, Kengele akiinua mikono, bandi zikiachia, kwapa nje.

"Tuone nani Viraka," akanong'ona. Akalipiga joho pasi hivyo hivyo, akalitundika.

Jioni, kabla ya kufunga kibanda, baba na binti walisimama kusali Sala ya Bwana, kama ilivyokuwa desturi yao. Walipofika pale pa kumwomba Mungu atusamehe kama tunavyowasamehe wengine, baba alijikuta anasali peke yake.

"Amina," akamaliza. "Mama, mbona umeruka?"

"Nimeruka nini, baba?"

"Usinichezee. Sala hii tunaisali pamoja tangu huna meno. Umefika pa kusamehe, ukameza ulimi."

Binti alitazama joho. Machozi yalitangulia, maneno yakafuata. Akasema yote.

Baba alilishusha joho, akaingiza kidole kwapani. Kiraka kikaachia. Akavuta pumzi ndefu.

"Hilo jina nililisikia," alisema. "Liliniuma na mimi. Kiraka kile nilikishona mwenyewe."

"Sasa kwa nini nimsamehe? Hata hajaniomba radhi!"

"Yesu pale msalabani aliwaombea watu waliokuwa bado wanamcheka. Hakungoja waombe radhi."

"Kwa hiyo ninyamaze tu, aendelee kuniita Viraka?"

"Nani kasema unyamaze? Mwambie imekuuma. Mwambie usoni, mchana kweupe. Lakini usimvizie kwapani."

Binti akacheka bila kutaka, kamasi zikamtoka. Baba akampa kitambaa chakavu ajifute.

Kisha Binti akakaa kwenye cherehani. Alishona kiraka pande zote, akarudia tena, akachomoa bandi moja moja. Alikuwa anakata uzi wa mwisho Kengele alipochungulia mlangoni.

"Viraka, joho langu tayari?"

Baba alikohoa. Binti akainuka.

"Tayari. Ila hilo jina linaniuma. Naomba uliache."

Kengele akabetua midomo, akalikagua joho. "Mbona sipaoni palipochanika?"

"Geuza ndani."

Akageuza. Uso ukambadilika. "Ni... kiraka?"

"Ndiyo. Inua mikono utakavyo, hakitoki."

Sauti ya Kengele ikashuka mpaka ikawa ya mtu wa kawaida. "Utawaambia wenzetu?"

"Sitamwambia mtu."

Kengele alisimama akivuta vuta pindo la joho. "Nisamehe," akasema mwishowe. "Nimekutenda vibaya."

"Nimekusamehe kabla hujafika," Binti alijibu. "Ila umenisumbua jioni nzima."

Wakatazamana, wakaangua kicheko.

Jumapili mikono iliinuka, na kiraka kikashika. Baada ya ibada, katoto kamoja kalimsukuma Binti mlangoni. "Dada Viraka, nipishe!"

Kengele akageuka. "Anaitwa dada," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka uani. "Dada, basi."

Njiani kurudi nyumbani, baba alimshika binti yake bega.

"Kisasi ni kazi ya bandi, mama. Kinafanyika upesi, lakini hakishikilii kitu. Kusamehe kunachosha kama kukanyaga cherehani, lakini kunaunganisha watu. Mungu ametusamehe sisi, nasi tusamehe hivyo hivyo, hata kabla ya kuombwa."

"Ndiyo, baba."

"Na siku ukitundika tena joho la mteja likiwa na bandi tupu, nitakusamehe. Lakini pasi utazipiga wewe mpaka uolewe."