Bwana Ndiyo Kwenye Kiti Kitupu

Haya ni kweli tupu. Kama nimeongeza hata chumvi ya kubana kwa vidole viwili, ulimi wangu na uvimbe.

"Huyu ni nani?" Nesi aliuliza, simu ya mumewe mkononi.

"Ni bosi tu, mke wangu," Fundi Lifti alijibu.

"Bosi? Afadhali angekuwa kimada!"

Akaisoma meseji kwa sauti, mbele ya mshauri wa ndoa: "Fundi, asante kwa kukubali. Unaondoka Jumatatu. Miaka miwili ni kufumba na kufumbua."

Wiki moja kabla, humo humo chumbani kwa mshauri, Fundi alikuwa amemwahidi mkewe kwamba safari za kazi basi. Na Nesi alikuwa amesema wazi: ukiondoka tena, usirudi.

"Mimi na yeye, nani umemdanganya?"

"Wote niliwaambia ndiyo."

"Msikilize! Hana hata aibu!"

Mshauri, mama mtu mzima asiyepandisha sauti, akavuta kiti kitupu katikati yao.

"Baba, kila mtu ana watu ndani yake. Kuna mgomvi, kuna mwoga, kuna wa kujikomba. Aliyemjibu bosi ni yupi? Mkalishe hapa, umpe jina."

Fundi akakikodolea macho kile kiti. Alijiona bwege. Lakini jina lilikuja lenyewe.

"Bwana Ndiyo. Mtu akinikunjia uso tu, yeye anaruka kujibu. Mimi napata habari baadaye, kama jirani."

Nesi akapiga makofi. "Makubwa! Kumbe miaka minne nalala na jirani!"

"Alianza kazi lini?" mshauri akauliza.

"Nikiwa na miaka saba. Baba akikasirika, sahani zinaruka. Ukiwahi kusema ndiyo, zinabaki mezani."

Nesi alitaka kulainika, hasira ikamvuta sikio. Akakigeukia kiti.

"Wewe Bwana Ndiyo, pole kwa hizo sahani. Ila mimi sijakurushia hata kijiko. Sasa nijibu: siku ya harusi nani alisema ndiyo? Wewe, au mume wangu?"

Nesi akakigonga kiti kwa kidole.

"Jibu! Au umekufa?"

Jibu tamu lilikuwa tayari kwenye ulimi, limeshachanwa nywele na kupakwa mafuta. Fundi akalimeza.

"Ni yeye," akasema. "Mama yako ananitazama, mama yangu ananitazama. Mimi nilijificha huko nyuma. Nilianza kukupenda mwezi wa pili wa ndoa, ulipopanda ghorofa tisa kwa miguu kuniletea koti nililosahau, unanitukana kila ngazi."

Nesi akasimama, mkoba kwapani.

"Sawa. Kumbe ndoa ni ya Bwana Ndiyo. Basi na aivunje mwenyewe. Nataka talaka, leo. Unakubali?"

Na alikuwa ameukunja uso, si mchezo. Neno lile la siku zote likamfika Fundi kwenye meno.

"Hapana."

"Umesemaje?"

"Hapana! Sikuachi, na siendi popote! Nuna, rusha hicho kiti, bado ni hapana!"

Kalamu ilimponyoka mshauri. Nesi akaketi, taratibu, kama mtu anayepima kama kiti kina miguu yote.

"Mpigie bosi. Mwambie hivyo hivyo, nasikia."

Fundi akapiga. Akanguruma kama simba: "Siendi! Tafuta mwingine!" Bosi akatetemeka, akaomba radhi, akampandisha cheo palepale...

"Mzee, simba gani?"

Mke wangu huyo, kanisimamia begani, miwani puani.

"Nafupisha tu, mama."

"Unafupisha au unarefusha? Bosi alisema, 'Fundi, usiniangushe,' ukaanza 'Ndi...', nikakupokonya simu nikamwambia mimi! Na cheo ulipandishwa wapi, kwenye lifti? Andika ukweli!"

Haya, nimeandika. Hapana ya kwanza ilikuwa yangu, ile aliyoambiwa bosi ilikuwa ya mke wangu. Faini nimetajiwa: beseni zima la mashuka, nifue kwa mikono, leo hii.

"Unakubali?" ananiuliza.

Nimesema ndiyo. Na safari hii tumekubaliana wote humu ndani yangu, mimi na Bwana Ndiyo.