Ilikuwa Nta

"Dada, leo siku ya tano nafunga. Usiniletee chakula. Na gauni nimelisimamisha kwanza."

Ujumbe ulinikuta kazini Jumamosi asubuhi, namwosha masikio dereva wa lori. Nikausoma, nikairudisha simu mfukoni, nikamalizia sikio la pili. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo. Ungeniambia nyumba inaungua, ningeuliza kama kuna mtu amezima jiko.

Aliyeandika ni mdogo wangu, fundi cherehani, kiziwi tangu akiwa na miaka minne alipougua homa ya uti wa mgongo. Yeye ndiye aliyekuwa akinishonea gauni la harusi, na harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

"Unafungia nini?" nikamwandikia.

"Shemeji aliniombea Jumatatu. Sijasikia. Yule mzee wa kwenye misheni alisikia siku hiyohiyo. Basi kasoro iko kwenye imani yangu."

Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Nilitaka kulia, machozi yakagoma. Habari za yule mzee nilizijua kuliko mtu yeyote.

Mimi na mchumba wangu tulikuwa tumerudi karibuni kutoka misheni, miezi miwili nchi ya mbali, watu kumi na mmoja wa kanisa moja. Yeye ni mwinjilisti. Kanisani wanamwita Kipaza, maana umeme ukikatika ibada haiharibiki. Mimi ni muuguzi wa masikio. Tulipewa darasa la shule iliyofungwa, na utaratibu ulikuwa mmoja: mgonjwa anaanza mezani kwangu, anatokea mlango wa nyuma, anafika uani kwenye meza ya maombi, Kipaza anamwekea mikono. Yeye haoni ninachofanya ndani, mimi sioni anachofanya nje.

Huko ndiko moyo wangu ulikoingia ganzi. Tuliahidiwa kwamba misheni itatuwasha moto. Wenzangu walilia kila asubuhi kwenye maombi, mimi nilikuwa nafikiria kama maji ya kuoshea masikio yamepoa. Niliomba kama wao, lakini ilikuwa kama kupiga simu inayoita tu, hakuna anayepokea.

Wiki ya sita akaja mzee mmoja, fundi saa, hajasikia kwa miaka minne. Nta ilikuwa imeziba masikio yote mawili, imekauka kama kokwa. Niliilainisha kwa matone ya mafuta siku tatu, ya nne nikaisukuma kwa maji ya vuguvugu. Ilipotoka, mzee akatembea hatua mbili, akasimama. Mkalimani akaniambia anasema anazisikia ndala zake.

Akatoka nje analia, hata kusema hawezi. Kipaza akamwekea mikono, akaomba, akamuuliza kupitia mkalimani wa uani kama anasikia. Akasikia. Kwa nini asisikie? Mchana huo ripoti ikatumwa nyumbani: kiziwi amesikia. Jioni nilimweleza mchumba wangu ukweli. Akasema Mungu ana njia nyingi, na watu kanisani wameshashangilia, tusiwavunje moyo. Nami nikanyamaza. Hapo pana dhambi yangu, na sitaipaka rangi. Nina miaka thelathini na sita, na harusi ilikuwa imeshatangazwa.

Basi Jumamosi hiyo nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mdogo wangu. Nikamweleza yote kwa mikono. Hakuniamini. Alisema namwonea huruma tu, shemeji yake hawezi kudanganya kanisa zima. Kisha akaniashiria polepole, kama mtu anayeongea na mtoto: "Akisema yeye mwenyewe, nitakula."

Nilimkuta Kipaza kanisani akipanga viti. Kesho yake timu nzima ilikuwa isimame mbele ya waumini, na yeye ndiye wa kutoa ushuhuda.

"Mdogo wangu hajala siku tano," nikamwambia.

"Anafunga. Ni jambo jema."

"Anajiadhibu. Anadhani Mungu kamwona yule mzee, yeye akamruka."

Akaweka kiti chini. "Nilimwombea kwa moyo wangu wote."

"Najua. Ila hukumwambia kuhusu nta."

"Sasa unataka nisimame kesho niseme nini? Kwamba nilidanganya?"

"Ulipoomba hukudanganya. Ulianza kudanganya nilipokuambia."

Akanyamaza. Kipaza kunyamaza ni habari.

"Na wewe?" akauliza. "Mbona umekaa kimya wiki zote hizi?"

"Nilitaka kuolewa."

Nilisema hivyo kwa sauti ileile ninayoitia wagonjwa kwenye foleni. Nikamkumbusha kwamba kesho, kama kawaida, mimi ndiye nitakayemtafsiria mdogo wangu kwa lugha ya alama.

"Ukisema kiziwi alisikia kwa maombi, nitashusha mikono. Na pete nitaivua palepale."

"Unanitishia."

"Nakuambia mapema."

Jumapili mdogo wangu alikaa kiti cha mbele, midomo imemkauka. Nilisimama pembeni ya jukwaa, nikimwelekea yeye. Kipaza akapanda. Akasalimia, mikono yangu ikasalimia. Akaeleza safari, darasa na foleni, nami nikafuata. Akafika kwa mzee.

"Alikuwa haisikii hata radi. Tukamwekea mikono..."

Waumini wakaanza kuitikia. Nikashusha mikono, nikaishika pete. Mdogo wangu akanitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena.

Kipaza naye akaiona mikono yangu. Akajifuta uso. Alipoanza tena, waliokaa nyuma ilibidi watege masikio.

"Kabla hajafika kwangu, alikuwa ameshasikia. Ilikuwa nta. Mchumba wangu ndiye aliyeitoa. Aliniambia jioni ileile, nikaficha kwa sababu mlikuwa mmeshafurahi. Na shemeji yangu hajala siku sita, anadhani imani yake ina kasoro. Kasoro ni yangu."

Nikatafsiri neno kwa neno. Nilipofika kwenye nta nikaingiza kidole sikioni, nikakitoa, nikamwonyesha kwa vidole ukubwa wa punje ya mahindi. Mdogo wangu akacheka. Hucheka kwa sauti kubwa kuliko wote, maana hajisikii, na kanisa zima lililokuwa limenyamaza likamgeukia. Nikaongeza la kwangu: "Nilijua, nikanyamaza. Nisamehe." Akaacha kucheka. Akaniashiria: "Baadaye."

Baada ya ibada Kipaza alinifuata nje, kwenye kivuli cha ukuta. Watu wawili watatu walipita bila kumsalimia.

"Bado tupo?" akauliza.

"Sijui nahisi nini. Tangu kule misheni sijahisi kitu, hata leo. Nilidhani imani ni kuwaka. Lakini yule mzee nilimwosha nikiwa na ganzi hivihivi, na akasikia."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

Simu yangu ikatetemeka.

"Nakula. Hii sahani ya pili. Kesho saa kumi njoo upime gauni, umekonda. Mlete na shemeji, nina maneno naye. Na wewe pia."

Nikampa asome. Alisoma taratibu, akaisoma tena.

"Ana hasira?"

"Sana."

"Nitakuja. Utanitafsiria?"

"Hapana. Miaka miwili unataka apone ili akusikie, na hujajifunza hata alama moja. Hili utalisema mwenyewe."

Akaangalia viganja vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

"Samahani inafanywaje?"

Nikamshika mkono, nikamfundisha. Alikosea mara tatu. Mkono wangu ulikuwa wa baridi, na wake pia, lakini sikuuachia mpaka akapatia.