Bi Guizhi na Unga wa Kurudisha Ujana

Bi Luan Guizhi alikuwa akila peke yake. Si kwamba hakuwa na majirani. Jengo lao la wastaafu wa kiwanda cha nguo, pale mjini Zibo, lilijaa watu na kelele zao. Alikula peke yake kwa sababu ya ini.

Zamani kiwandani walipimwa wote, yeye akakutwa na homa ya ini aina ya B. Kesho yake kwenye kantini wenzake walibeba bakuli zao, wakahamia meza nyingine. Tangu siku hiyo akaificha habari ile, hata kwa mwanawe Zhaohui. Na kwa kuwa mezani kila mtu huchota kutoka sahani moja ya pamoja kwa vijiti vyake vya kulia, aliona afadhali asikae mezani na mtu. Mumewe alipofariki, nyumba ikawa kimya kabisa. Zhaohui akimwita aende kwake mjini Qingdao kwa Mwaka Mpya akamwone mjukuu, jibu lake ni moja: "Treni inanichosha, mwanangu." Upweke ulimtafuna.

Ndipo akaja Xiaotong. Karibu na soko kulikuwa na ukumbi ambapo wazee waliitwa kusikiliza mawaidha ya afya, wakaondoka na mayai ya bure. Bi Guizhi alifuata mayai, tusidanganyane. Lakini Xiaotong, binti mcheshi aliyeuza unga wa peptidi pale, alimshika mkono na kumwita mama.

"Mama, hizi peptidi fupi zinaingia moja kwa moja kwenye ini. Zinalijenga upya. Na uzee unarudi nyuma."

"Mimi nina homa ya ini B," Bi Guizhi alinong'ona, akingoja mkono wake uachwe.

Haukuachwa. Jioni ile Xiaotong alikwenda nyumbani kwake, akamkata kucha, akachota tofu, ile jibini laini ya soya, kutoka sahani ya Bi Guizhi bila kusita. Bi Guizhi alitaka kulia. Mtu kama huyo akikwambia unga wake unafaa, utambishia nini?

"Hizo dawa za hospitali unazomeza kila siku uziache basi, mama," Xiaotong alisema. "Zinalichosha ini bure."

Akaziacha.

Miezi ikapita. Bi Guizhi akaanza kuchoka hata kwa kupanda ngazi. Chakula kilimkinaisha. Mkojo ukawa mweusi kama chai nzito. Akampigia Xiaotong.

"Ni dalili nzuri, mama," Xiaotong alimwambia. "Sumu inatoka mwilini. Ongeza pakiti moja."

Akaongeza. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Asubuhi moja Bi Mou, jirani wa ghorofa ya chini, alikutana naye kwenye ngazi, akamkazia macho.

"Guizhi, macho yako mbona ya manjano hivyo?"

"Sumu inatoka."

"Sumu ya nini? Umeumwa na nyoka? Vaa koti twende hospitali, na usinibishie."

Hospitalini alilazwa siku hiyo hiyo. Daktari Pang, mwanamke wa makamo asiye na haraka, alikaa pembeni ya kitanda na vipimo mkononi.

"Shangazi, uliacha dawa?" aliuliza, akimwita hivyo kwa heshima ya umri wake.

"Niliacha. Nilikuwa nakunywa unga wa peptidi."

Daktari alishusha pumzi. "Peptidi ni vipande vifupi vya protini. Ukila yai au tofu, tumbo lako lenyewe linakata protini vipande kama hivyo. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unga huo unaponya ini au unarudisha ujana. Na virusi vya homa ya ini hauvizuii. Dawa yako ndiyo ilikuwa imevifunga. Ulipoiacha, vikafunguka."

"Na ile sumu iliyokuwa inatoka?"

"Hakuna sumu iliyotoka. Hilo lilikuwa ini lako likiumia. Ungechelewa kidogo, ungekufa."

Bi Guizhi alitazama ukuta. Aliona aibu, akaogopa pia.

"Dawa hii usiiache tena bila daktari kukwambia," Daktari Pang aliendelea. "Pombe usiguse. Tembea kila siku, kula vizuri, na njoo tulipime ini mara kwa mara. Kuzeeka vizuri ni hivyo tu, shangazi. Sasa, nyumbani unakula na nani?"

"Sili na mtu. Nitawaambukiza."

"Nani kakwambia? Ugonjwa huu unapita kwenye damu, na kwa kujamiiana, na kwa mama kwenda kwa mtoto anapojifungua. Haupiti kwenye sahani wala vijiti. Kama una mtoto, mwambie apimwe, yeye na familia yake. Asiye nao apate chanjo."

Bi Guizhi alikunja vidole kimoja kimoja. Alikuwa akihesabu moyoni sikukuu zote alizokaa peke yake.

Aliporudi nyumbani alimpigia Xiaotong. "Unga sinunui tena. Lakini njoo tule, mwanangu. Nimepika."

"Nitakuja, mama, nikipata nafasi."

Alimsubiri mpaka chakula kikapoa. Xiaotong hakuja, wala hakupiga simu tena. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

Lakini dawa alimeza kila siku. Macho yakarudi meupe, hamu ya kula ikarudi, na vipimo vikamfurahisha Daktari Pang. Siku ya vipimo hivyo, alipotoka hospitalini, hakungoja kufika nyumbani. Alikaa kwenye benchi nje ya lango, akampigia Zhaohui, akamweleza yote: homa ya ini, kantini, unga, na kwamba lazima wapimwe.

"Na Mwaka Mpya huu nitakuja," alimalizia. "Kama mna nafasi."

"Mama," Zhaohui alisema, "miaka yote hii sisi tulidhani hututaki."