Karatasi Zote Zilifanana

Darasa la sita lilipakana na mashine ya kusaga nafaka. Kati yake na mashine palikuwa na ukuta mmoja tu, tena wenye madirisha yasiyo na vioo. Kila asubuhi wanafunzi walifagia, wakafuta ubao, na kabla hawajakaa vizuri mashine nayo ilianza kazi. Kuanzia hapo mwalimu alifundisha kwa kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Wanafunzi wenyewe walikwisha kuzoea. Tena, hebu sikia utundu wao: mwalimu akigeukia ubao, walifunga midomo na kunguruma kwa pamoja, "mmmm," sauti zao zikachanganyika na ya mashine. Mwalimu akiwageukia, kimya, kila mtu anatazama daftari lake kama mtakatifu. Mchezo huo waliuita kusaga, na kila mwalimu mpya alisagwa.

Aliyeubuni hakuwa mmoja wa watukutu wa nyuma. Alikuwa msichana wa dawati la mbele, jina lake la utani Kidole, kwa kuwa swali lilikuwa halijaisha naye kidole kimeshafika juu. Sasa nani angemshuku mtoto anayeongoza darasa? Alianza yeye, wengine wakafuata.

Mwaka ule mwalimu wa kwanza wa Hesabu aliondoka hata hawajamzoea. Aliyemfuata aliacha kazi akaenda kuuza simu dukani. Ndipo akaja mwanamke kijana, mcheshi, aliyekata karatasi vipande vipande mpaka sehemu na desimali zikaeleweka hata kwa wale waliokuwa wamekata tamaa. Kidole alimpenda kwelikweli. Na bado alimsaga, maana aliona mchezo ni mchezo tu.

Siku moja Kidole alipeleka madaftari ofisini. Mlango ulikuwa wazi kidogo, akamsikia mwalimu wa Hesabu akizungumza na mwalimu mkuu kwa sauti iliyokwaruza.

"Mwalimu, barua ya uhamisho nimeshaiandika. Koo limeniisha. Nikifika nyumbani siwezi hata kumbembeleza mwanangu alale."

"Vumilia kidogo, mwalimu mwenzangu," alisema mwalimu mkuu. "Wiki hii anakuja mtafiti. Wanataka kujua kwa nini walimu hawakai katika shule zetu."

"Nitamngoja. Lakini muhula ukiisha na mambo ni yaleyale, mimi naondoka."

Kidole aliyaacha madaftari mlangoni akaondoka. Siku ile hakutulia. Alikaa, akasimama, akachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa. Wenzake walipoanza kusaga, yeye hakusaga, lakini hakuwakataza pia.

Mtafiti alikuwa mama mrefu mwenye mkoba mkubwa na maneno machache. Aligawa karatasi za maswali. "Msiandike majina," alisema. "Andikeni mnayoyaona." Kisha akaenda kuzungumza na walimu, darasa likabaki na kiranja.

Swali moja liliuliza ni mambo gani yanamsumbua mwalimu darasani. Jingine liliuliza wanafunzi hufanya nini wakati wa kipindi. Kidole alitafuna kalamu. Mwalimu mkuu alikuwa amewaonya wasiiaibishe shule mbele ya mgeni. Kidole akawaza, nikiandika shida, watasema shule yetu mbaya na mwalimu atapelekwa pengine. Nikiandika mambo ni shwari, atakuwa na sababu gani ya kuondoka? Akaandika: "Hakuna kinachomsumbua mwalimu wetu. Tunamsikia vizuri. Darasa letu ni tulivu sana."

"Namba mbili umeweka nini?" alinong'ona Bonge, jirani yake.

Ndivyo darasa la sita lilivyofanya kazi zake zote. Kidole akimaliza, karatasi yake hupita dawati hadi dawati. Hakuna aliyejiuliza kama karatasi hii ilikuwa mtihani au la. Palipo na maswali, basi majibu yako kwa Kidole.

Kesho yake mtafiti alirudi na rundo lile mkononi.

"Nimezunguka shule nyingi," alisema, "lakini sijawahi kukutana na darasa zima lenye kichwa kimoja. Karatasi zote zinafanana, mpaka nukta."

Baadhi walicheka. Yeye hakucheka.

"Huu haukuwa mtihani. Hapakuwa na jibu la kupata au la kukosa. Walimu wenu wanasema humu ndani kuna kelele, ninyi nyote mnasema kuna utulivu. Nikiyapeleka haya ofisi ya elimu, wataona walimu wanatia chumvi. Kesho asubuhi ninapita kuaga. Mwenye la kusema atanikuta ofisini."

Kidole alihisi masikio yanamwaka moto. Alitaka kumsaidia mwalimu wake, kumbe amemfanya aonekane mwongo.

Nyumbani, mama yake, fundi cherehani, alikuwa anampima mteja. Mteja alivuta pumzi, akalibana tumbo ndani.

"Shoga yangu, pumua," mama alimwambia. "Ukijibana hapa, gauni litakubana wewe harusini, mimi nitakuwa nimelala zangu."

Mteja alicheka, akaliachia tumbo. Kidole hakucheka. Aliinuka, akaketi, akaenda dirishani, akarudi.

"Una siafu, wewe?" mama alimuuliza Kidole baada ya mteja kuondoka. "Nini kimekupata?"

Kidole akamweleza yote, hata ya kusaga. Mama aliuweka mkasi chini.

"Mtafiti kawapima, ninyi mkajibana," alisema. "Sasa nani atashonewa nguo ya kumfaa? Kesho nenda ukamwambie. Utaona aibu, ndiyo, lakini aibu haiui mtu, mwanangu."

Asubuhi Kidole alifika kabla ya mtafiti. Kwanza aliwaambia wenzake kwamba anakwenda kusema ukweli.

"Utatuchoma," Bonge alimwambia.

"Najichoma mwenyewe. Nilianza mimi."

Mtafiti alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akatoa karatasi mpya na kulipeleka darasa zima uwanjani, kila mtu akakaa mbali na mwenzake. Safari hii hapakuwa na kupitisha. Mmoja aliandika kuhusu mashine, mwingine kuhusu mwalimu anayekohoa kila kipindi kinapoisha. Kidole aliandika kuhusu kusaga.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Kidole hakujua ripoti imefika wapi wala barua ya uhamisho imefika wapi. Kisha wakaambiwa wahame. Stoo iliyokuwa upande wa pili wa uwanja ilikuwa imesafishwa, na jengo la karibu na mashine likawa la kuwekea vitu.

Siku ya kwanza katika chumba kipya, mwalimu wa Hesabu aliingia na ripoti mkononi. Alisoma kwa sauti ya chini, na wote wakamsikia: "Mbali na mashine, wanafunzi wenyewe huongeza kelele kwa makusudi." Akainua macho. Kidole alisimama, machozi yakimlengalenga.

"Nilianza mimi, mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu aliiweka ripoti mezani.

"Nilikwenda kwa daktari wa masikio," alisema. "Kila nikigeukia ubao nilisikia mngurumo ukizidi ule wa mashine, nikiwageukia haupo. Nilidhani nimeanza kupoteza masikio yangu, na hofu hiyo sikumwambia hata mume wangu."

Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Bonge naye alisimama, kisha wa nyuma yake, mpaka darasa zima likawa limesimama.

"Kaeni," alisema mwalimu. "Nimewasamehe, na barua yangu nimeiomba irudishwe. Ila mjue hili. Ukiulizwa jambo kwa nia ya kusaidiwa, ukajibu la kupendeza, aliyekuuliza ataondoka ameridhika, na mwenye maumivu atabaki nayo. Mngeendelea kuandika kwamba darasa ni tulivu, mimi ningeondoka nikidhani ninaumwa."

Akachukua chaki, akawageuzia mgongo, akaandika somo la siku hiyo mpaka mwisho wa ubao bila kutazama nyuma hata mara moja.