Siku Korotimi Alipoacha Kumtukana Tasere

Upepo wa jangwani uliingia soko la Gungin asubuhi ile ya Januari bila kubisha hodi. Tasere Nikiema ndiyo kwanza alikuwa amekata kamba ya bunda la mifuko ya plastiki, na kabla hajalikamata vizuri, bunda likafumuka. Mifuko myeusi ikaruka juu ya karanga na pilipili, ikamfunika mzee mmoja uso, kisha ikaenda kutua karibu yote kwenye kibanda cha mwanamke aliyekuwa akitundika mifuko ya pamba.

Mwanamke huyo alivaa gauni la kitambaa cha kufuma, mistari ya nili na nyeupe, na kilemba chekundu alichokifunga upande. Mfuko mmoja ulikuwa umemnasa shingoni. Akautoa kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na pua.

"Takataka za nani hizi?"

"Zangu, dada. Samahani sana. Ni upepo."

"Kwani upepo ndio unaouza plastiki? Unaitwa nani?"

"Tasere. Tasere Nikiema."

Macho ya yule mwanamke yakang'aa. "Mmosi! Ningejua tu. Mimi ni Korotimi Toe. Piga magoti unapoongea na bibi yako, mtumwa wee!"

Tasere akaangua kicheko. "Kumbe Msamo! Mtumwa ni wewe. Babu yangu alikupata kwa kichwa kimoja cha mbwa, tena kisicho na masikio!"

Soko zima likapiga makofi. Kwetu hapa jijini Wagadugu, makabila ya Wamosi na Wasamo ni watani tangu mababu. Wanatukanana hadharani, Msamo akisutwa kwa kula mbwa na Mmosi kwa farasi wa mababu zake, na mwenye kukasirika ndiye mwenye makosa.

Tangu siku hiyo hapakupita asubuhi bila matusi, na jioni yalifuata kwenye simu.

"Haloo, mtumwa. Umekula?"

"Nimekula maharage na wali. Na wewe, mla mbwa, umelala au umebweka?"

"Nimekuota, Tasere."

"Ehe! Niambie, mpenzi."

"Umekwama kwenye mtaro wewe na mifuko yako, maji hayapiti."

Akicheka, Tasere alibaki ameshika simu hata baada ya kukatika. Shida yake ilikuwa moja tu: alimpenda yule mwanamke kwelikweli, na hakuwa na namna ya kulisema jambo hilo likaaminika. Siku moja alijaribu. "Koro, nataka kukuoa." Wauza maharage wakacheka mpaka mmoja akamwaga upawa. Korotimi naye alicheka, ingawa alimtazama kidogo zaidi ya kawaida.

"Niolewe na mwenye plastiki?" akasema. "Juzi kondoo wa shangazi yangu amekufa. Tumempasua, tumboni tumekuta mifuko kumi na mmoja. Hilo sikutanii, Tasere."

Wiki hiyohiyo mzee Noaga, baba mdogo wa Tasere, alipita sokoni. Ndiye aliyemlea. Mzee hakuwa kipofu. Alimwona kijana wake anavyokitazama kile kibanda.

"Yule binti," aliuliza, "kuna jambo?"

Kwetu kijana hazungumzi mambo ya mwanamke mbele ya mzee wake. Aibu ikamfunga Tasere ulimi, na kilichotoka kikawa uongo. "Hakuna kitu, baba. Ni Msamo tu. Tunataniana."

Nyuma ya mifuko iliyotundikwa, Korotimi alikuwa anashona mpini wa mfuko. Alisikia kila neno.

Kesho yake Tasere alifika akiwa na tusi jipya mdomoni. Korotimi alisimama, akakunja mikono kwa adabu.

"Habari za asubuhi, Bwana Nikiema. Nyumbani hawajambo?"

"Koro! Vipi, leo hakuna hata mtumwa?"

"Tafadhali, nina wateja."

Heshima ile ilimchoma kuliko matusi yote ya dunia. Simu hakupokea. Siku ya saba Tasere alimwendea Mama Poko, muuza maharage wa jirani.

"Nimemkosea nini, mama?"

"Hodari wa mdomo wee! Ulimwambia mzee wako kuwa ni utani tu. Mwenzako alikuwa hapo hapo, anasikia." Mama Poko akafuta mikono. "Na sasa anaondoka. Wanawake wa safu yetu tulikubaliana, yeye akituongoza, kwamba hatutoi tena mfuko mweusi. Wateja wanatukimbia, wanahamia safu nyingine. Baadhi yetu tunataka kurudi kwenye plastiki. Amesema tukirudi, anafunga kibanda, anarudi kwao Tugan."

Tasere aliinuka akaenda zake. Asubuhi hiyo aliyarudisha mabunda yote kwa aliyemuuzia, akavaa joho lake la sikukuu lenye darizi kifuani, akaenda kusimama kwenye lango la soko.

Mwanamume wa kwanza alipita na mfuko mweusi unaovuja damu ya nyama.

"Baba, jina lako la ukoo?"

"Pare."

"Msamo! Mtumwa wangu anabeba nyama kama mwizi! Rudi ukatafute bakuli na mfuko wa heshima, usiniaibishe mbele za watu!"

Yule bwana alitaka kununa. Akakumbuka anayemsema ni mtani wake, akacheka, akarudi. Ofisa mwenye kofia angemwambia maneno hayo, wangeshikana mashati.

Lakini wengi wa wapitaji walikuwa Wamosi, na Mmosi mwenzao hakuwa na ruhusa ya kuwasema. Watatu walimpita na mifuko yao, wakamwambia ashike adabu. Korotimi aliyaona hayo kwa mbali. Akaweka mkasi chini, akajifunga kitenge kiunoni, akaja kusimama upande wa pili wa lango.

"Wewe Mmosi mnene! Farasi wa babu zako wangekuona umebeba takataka, wangekutupa chini! Leta hapa hizo bamia!"

"Aa, bibi, nisamehe!"

"Sikusamehe, nakuuzia mfuko! Huu utarithiwa na wajukuu zako, kama yupo atakayekubali kuzaa na wewe!"

Siku kumi na tisa walisimama hivyo, Tasere kulia, Korotimi kushoto, bila kuambiana neno. Watu walianza kuja wamejiandaa: kina mama na mabakuli ya bati kichwani, wazee na vibuyu, wafanyakazi wa ofisini na mifuko ya pamba begani kama nishani. Wengine walificha plastiki mifukoni mwa nguo, wakachekwa mpaka wakakoma. Ijumaa ya tatu, tangu kufunguliwa soko hadi adhana ya alasiri, hapakutoka langoni mfuko mweusi hata mmoja. Safu nyingine zilituma wajumbe kuagiza mifuko. Vigelegele vikapasua anga, Korotimi akabebwa juujuu, kilemba kimemdondoka.

"Sasa oaneni!" watu wakapiga kelele.

Lolote ambalo Tasere angesema pale lingekuwa utani tu. Akageuka, akaondoka, na Korotimi, juu ya mabega ya watu, akamtazama mpaka akapotea.

Tasere alikwenda moja kwa moja kwa mzee Noaga, akaketi chini. "Baba, nilikudanganya. Nampenda Korotimi."

Jumapili mzee Noaga na Tasere waliingia uani kwa shangazi yake Korotimi wakiwa na kola, ile kokwa chungu inayopelekwa kuposa; ikivunjwa, posa imekubaliwa. Shangazi alicheka alipowaona.

"Wamosi! Mmekuja kuomba makombo?"

"Shikamoo, mama," mzee Noaga akasema kwa upole, akainama. Shangazi akatupa tusi la pili, na la tatu. Mzee akayapokea yote kwa adabu. Kicheko kikamwishia shangazi. Akaita, "Korotimi! Njoo uwaone hawa. Nadhani wanaumwa."

Korotimi alitoka, nyuzi bado zimemnasa vidoleni. Akasimama mbele ya Tasere.

"Sema. Mzee wako akiwepo."

Aibu ilimpanda Tasere. Safari hii hakuiachia ulimi wake. "Baba, huyu ndiye ninayetaka kumuoa. Simtanii. Akinikataa nitaumia."

Korotimi akainama, akaichukua kola mkononi mwa mzee Noaga, akamkabidhi shangazi yake.

"Vunja, shangazi."

Shangazi akaivunja, akatia kipande mdomoni, na wanawake wa nyumba za jirani, waliokuwa wamepanda juu ya vinu ili wachungulie ukutani, wakapiga vigelegele kabla hajameza.